Uga Uliopigwa Niru

Jumatatu, kabla birika la chai ya saa nne halijaletwa, mchora ramani aliiona nyumba yake ikiwa nyekundu.

Hakuwa akiitafuta. Alikuwa akipita nyuma ya kiti cha Bwana Mistari kwenda kuchukua karatasi kwenye mashine ya kuchapia, jicho likaangukia kioo cha kompyuta ya mwenzake. Mtaa alioujua kama kiganja chake ulikuwa umelala pale, umepigwa picha kutoka juu: barabara ya changarawe, paa refu la shule, mashine ya kusaga nafaka, na nyuma ya mashine mstari wa nyumba kumi na moja. Ya saba ni yake. Aliitambua kwa bati moja jipya lililong'aa katikati ya mabati yenye kutu, mfano wa jino la dhahabu kwenye kinywa cha maskini.

Nyumba zote kumi na moja zilikuwa ndani ya wekundu.

"Bwana Mistari," alisema polepole, "hapo kuna nini?"

"Mafuriko. Daraja la kwanza." Bwana Mistari hakugeuka. Walimpachika jina hilo kwa sababu hakuna kitengoni aliyekuwa na mkono mnyoofu kama wake. Mipaka yake ilipita kati ya nyumba na nyumba kama uzi kwenye tundu la sindano. Alibonyeza, wekundu ukaondoka, chini yake likatokea doa jeusi la picha ya rada, lenye pembe nne, kona moja imekatwa. "Maji yametuama hapa kwenye picha tatu. Picha tatu ni wekundu, na hatua hamsini kulizunguka. Ndiyo sheria."

"Hapo hapatuami maji."

Ndipo akageuka, akamtazama usoni, akaelewa. Akazima kioo haraka, kama mtu aliyekutwa na barua isiyo yake. "Lo. Samahani, dada. Hukutakiwa kuona."

Kitengo cha Ramani za Maafa kilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani, na moja isiyobandikwa kwa kuwa kila mtu aliijua: mtu hagusi mtaa wake. Anayekaa chini ya mlima hapewi kuchora maporomoko ya mlima huo, anayekaa kando ya mto hapewi mto. Ilikuwa sheria nzuri. Mchora ramani mwenyewe aliwahi kuisifu mbele ya wageni. Kwa miaka miwili, tangu cheti chake cha masomo ya jioni kilipompatia kiti pale, alikuwa amepaka wekundu nyumba za watu asiowajua, kisha akaenda kunywa chai na moyo wake mweupe.

Siku hiyo chai ilimshinda. Akagonga mlango wa Mkuu wa Kitengo, mama wa makamo aliyevaa miwani miwili kwa zamu, mmoja wa kusomea na mwingine wa kukutazamia.

"Mkuu, naomba picha za mtaa wetu ziangaliwe upya."

"Unaomba kama nani?"

Akashika beji yake ya kazi shingoni.

"Kama mfanyakazi, huwezi. Unajua kwa nini," Mkuu alisema, si kwa ukali. "Ramani inachapishwa Ijumaa mchana. Nyumba za daraja la kwanza zinahama kabla ya mvua. Mwananchi mwenye pingamizi analileta dirishani mwisho Jumatano."

"Dirisha letu lile pale chini?"

"Tuna jingine?"

Alipofika mlangoni, Mkuu akaongeza, "Na usimwulize Bwana Mistari kitu ambacho mwananchi hawezi kukiuliza."

Mwananchi anaweza kuuliza tarehe za picha. Mchora ramani akauliza hizo tu, akaziandika kwenye kiganja.

*

Wapaka alama walikuja Jumanne saa tisa. Aliporudi jioni, kila mlango wa safu yao ulikuwa na X nyekundu, rangi ikichuruzika. Mtoto wake mdogo, wa mwaka na nusu, alikuwa ameigusa ya kwao kabla haijakauka, akajipaka mpaka kwenye nywele. Mama mkwe alikuwa amemsimamisha kwenye beseni, anamsugua kwa mafuta ya taa huku akinung'unika.

"Hata mtoto wamemtia alama. Naye atahamishwa?"

Mbele ya mlango wa pili, muuza mkaa alikuwa amesimama mikono kiunoni, akisema na hewa, kwa sauti ya kumfikia anayestahili. "Wengine sisi tuliambiwa tuna bahati, tunakaa na mtu wa serikali. Anasoma usiku, anasoma mchana. Kumbe anasomea kutubomolea."

"Jirani, mtaa huu sikuuchora mimi."

"Mwizi naye husema mfuko huu sikuushika mimi. Mama Ramani, hao wenzio wa ofisini hawakujui unakokaa?"

"Wananijua."

"Basi afadhali wasingekujua."

Aliingia ndani. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa ameketi kwenye kigoda na viatu vyake vya kazi, vumbi la saruji limemfika kwenye kope. Alikuwa na barua mkononi. Hakuwa msomaji wa haraka, naye alikuwa ameisoma yote.

"Wanasema fidia ni ya mabati na milango," alisema. "Kuta hazihesabiwi. Ukuta nilioujenga kwa miaka minne hauhesabiwi, mama watoto, ila bawaba za mlango zinahesabiwa."

 Mkewe akampakulia chakula, naye akala vijiko viwili, akasukuma sahani.

"Niambie ukweli," fundi akasema. "Wewe unaijua kazi hiyo. Hiyo picha inadanganya?"

"Picha haidanganyi. Ila sijui imeona nini."

Hapo mlango ukafunguka, akaingia binti yao wa miaka saba, anatembea ubavu kama kaa, mgongo kaugeuzia ukutani.

"Geuka," mama yake akasema.

"Sina kitu."

"Geuka nikione hicho usicho nacho."

Akageuka. Sketi ya shule ilikuwa imechanika nyuma kutoka kiunoni hadi kwenye pindo.

"Umeteleza tena kwenye uga wa Mwenye Mashine."

"Na gunia, mama. Wote tulikuwa na gunia, langu ndilo lililotoboka. Ule uga unateleza kama sabuni. Ukisukumwa mara moja unafika mpaka kwenye kona iliyokatwa."

Kijiko kikamponyoka mchora ramani. Hakukiokota. Alitoka nje, akapanda juu ya matofali yaliyobaki kando ya ua, akachungulia. Uga wa Mwenye Mashine, wa kuanikia nafaka, ulikuwa umetandazwa pale, ukubwa wa nusu uwanja wa mpira, wa kijivu, laini, una pembe nne. Na kwenye kona ya mbali palisimama kibanda cha injini, kimeimega ile kona.

"Baba watoto," aliita, bado yuko juu ya matofali. "Huu uga uliusakafia lini?"

"Mwaka juzi, baada ya mavuno." Fundi alimfuata, na hata siku kama hiyo sauti yake ikawa na fahari kidogo. "Nikaupiga niru wote, saruji tupu bila mchanga. Wenzangu wakaniambia uga wa nafaka haupigwi niru, hiyo ni ya sebuleni. Nikawaambia punje isinase hata moja. Nilipiga magoti siku sita, naulainisha kwa mwiko mpaka unajiona."

Mchora ramani akafungua kiganja, akazisoma tarehe tatu. Zote zilikuwa baada ya mwaka juzi.

"Rada si macho," alisema, akishuka. Aliongea polepole, kama anajifundisha mwenyewe. "Inarusha mawimbi chini. Yakigonga nyasi, kokoto, ukuta, yanarudi. Yakigonga kitu laini kilichotandazwa, yanateleza yanakwenda zake. Pasiporudi kitu, picha inakuwa nyeusi. Na sisi tumefundishwa, penye weusi ni maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siyo maji. Ni niru yako."

Fundi akamtazama mkewe, akautazama uga, akaitazama mikono yake. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni na mtoto aliyenuka mafuta ya taa, ndiye aliyepata maneno kwanza.

"Yaani mwanangu kasakafia vizuri mpaka tunafukuzwa?"

*

Jumatano akachukua ruhusa ya saa moja, akashuka ngazi za ofisi yake mwenyewe, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwa mlango wa mbele. Foleni ilikuwa ya watu kumi na sita. Mbele yake alikuwa kinyozi aliyeshika barua kama yake, na nyuma yake mama mwenye kikapu.

Yeye na mpokezi wa dirishani walikuwa wakila pamoja kila mchana. Mpokezi alipomwona, akaona haya kwa niaba yake, akainamisha uso kwenye fomu.

"Jina kamili?"

Akalitaja. Mpokezi akaliandika herufi kwa herufi kana kwamba analisikia leo.

"Kazi?"

"Si unaijua."

"Lazima useme, dada," mpokezi akanong'ona. "Wanatusikia."

"Mchora ramani. Wa hapa."

Kinyozi, aliyekwishahudumiwa na kusogea pembeni, akageuka mzima mzima. "Hata nyinyi mnapanga foleni? Basi leo nitalala usingizi." Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mchora ramani akahisi masikio yanamwaka moto. Alikuwa akizipokea fomu hizi mezani kwake zikiwa zimepangwa vizuri, zimebanwa kwa pini. Hakuwahi kujua kwamba kalamu ya dirishani imefungwa kwa kamba fupi kiasi cha kumlazimu mtu kuinama ili aandike.

Akainama. Sehemu ya sababu ilikuwa mistari mitatu. Akaandika: *Doa jeusi ni uga wa saruji uliopigwa niru. Si maji. Naomba mje mpime.*

Saa nane akaitwa juu. Mkuu alikuwa ameishika fomu, amevaa miwani ya kutazamia.

"Niru?"

"Niru, Mkuu."

"Miaka kumi na nane nimesoma pingamizi. Mmoja aliniandikia kwamba setilaiti ina wivu. Niru ni mpya." Akaiweka fomu chini. "Inawezekana. Nimekwisha kuona kiwanja cha ndege kikawa ziwa. Lakini weusi usipokuwa maji bado hujaniambia pale si bondeni. Ramani yetu ya miinuko inakosea kwa mita nzima, na kati ya kulala pakavu na kuzama si mita nzima. Vifaa vyetu vyote vya kupimia viko kwenye maporomoko, havirudi kabla ya wiki ijayo."

"Mume wangu ana mpira wa levo."

"Mpira?"

"Ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Unajazwa maji, yanasimama sawa huku na huku. Mafundi wanajengea nyumba nzima."

Mkuu akaigonga fomu kwa kalamu. "Na mumeo ndiye aliyesakafia uga, ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye mpira."

"Ndiye."

"Kesho saa nne. Lakini asiushike yeye."

*

Alhamisi safu nzima ilitoka nje. Fundi alivaa shati la harusi za watu. Alijaza mpira maji, akautoa mapovu yote kwa kuugonga-gonga na kidole, kisha akamkabidhi Mkuu ncha moja kama mtu anayemkabidhi mgeni mtoto mchanga.

"Maji hayajui rushwa, Mkuu," alisema.

"Maji hayajui. Vidole vinajua." Mkuu akampa Bwana Mistari ncha ya pili. "Na ukiiziba ncha kwa dole gumba, maji yanasimama popote utakapo. Baba yangu alikuwa fundi. Wewe weka mikono nyuma."

Fundi akaiweka mikono nyuma. Watu wakaguna kwa kicheko. Ilikuwa taabu kwake kuliko barua. Kila Bwana Mistari alipoukunja mpira vibaya, mabega ya fundi yalishtuka, na mara mbili ikabidi mchora ramani amkanyage mguu. Yeye mwenyewe hakushika kitu, wala rula wala daftari. Alisimama na majirani, mtoto mgongoni.

Walianzia kizingiti cha nyumba ya kwanza wakaenda hadi ya kumi na moja. Mkuu alichuchumaa, akapiga magoti, akasahau sketi yake. Kila mara alisoma namba kwa sauti, na Bwana Mistari akairudia. Sakafu za nyumba zilikuwa juu ya uga kwa sentimita thelathini na nane, arobaini na mbili, arobaini. Kisha wakaupima uga wenyewe kutoka upande wa nyumba hadi upande wa barabara. Ulikuwa ukiinama kwenda barabarani, taratibu, sentimita moja kila baada ya hatua chache, hadi mwisho.

"Nani aliuinamisha hivi?" Mkuu akauliza.

"Mimi," fundi akajibu, mikono ingali nyuma. "Nafaka ikinyeshewa, maji yaondoke."

Mkuu akachukua ndoo iliyojazia mpira, akarudi upande wa nyumba, akamwaga maji yaliyobaki. Yakakimbia kuelekea barabarani bila kugeuka nyuma. Pumzi zilishuka vifuani mwa watu, na muuza mkaa akajikuta amemshika mama mkwe mkono.

"Inatosha," Mkuu akasema, akafunga daftari.

Mchora ramani alikuwa anatazama nyuma ya nyumba. Jiko lao lilikuwa huko, kibanda cha tofali mbichi alichokijenga fundi mwaka jana kabla ya mvua, na pembeni yake banda la muuza mkaa. Mvua zilizopita aliwahi kuingia jikoni asubuhi akakuta sufuria limeelea limefika mlangoni. Walisema ni paa linavuja. Walisema hivyo kwa kuwa ndivyo walivyotaka iwe. Na sasa Bwana Mistari alikuwa anakunja mpira, Mkuu anafuta magoti, na hakuna aliyekuwa ameuliza habari za nyuma.

Mumewe aliliona jicho lake linakokwenda. "Mama watoto," alisema chini chini. Akatikisa kichwa. 

"Mkuu," mchora ramani akasema. "Hamjapima nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Jiko."

Muuza mkaa akauachia mkono wa mama mkwe. "Wewe una akili kweli? Mtu kashafunga daftari."

Wakaenda nyuma. Sakafu ya jiko ilikuwa chini ya uga kwa sentimita thelathini na tano, na banda la mkaa thelathini na saba. Hata bila mpira, ukishajua, uliweza kuona: mfuo mpana ulipita nyuma ya safu yote, nyasi zake mbichi kuliko nyingine, ukaenda kuingia kwenye korongo.

"Fundi," Mkuu akasema, "umejenga jiko katikati ya njia ya maji."

"Nilikuwa na haraka," fundi akajibu, akiangalia viatu vyake. Mtu aliyepiga magoti siku sita kwa ajili ya punje za watu hakuwa amepima jiko la mkewe.

Mkuu alibadilisha miwani, akamtazama mchora ramani kwa ile ya kutazamia. "Ungenyamaza nisingejua."

"Mimi ndiye ninayepika humo, Mkuu."

Mkuu akafungua daftari tena, akaandika muda mrefu. Alipomaliza akasema, na safari hii alimwambia fundi, "Hesabu nyingine zote sikuwa na uhakika nazo. Mtu na mumewe, na mpira wao. Sasa nina uhakika."

*

Ijumaa mchora ramani alikaa mezani kwake, uso kautazamisha kwenye mtaa wa watu wengine. Nyuma yake alisikia kipanya cha Bwana Mistari kikibonyezwa, kikinyamaza, kikibonyezwa. Hakugeuka.

"Hapa pamebana," Bwana Mistari alisema, akijisemea. "Kati ya nyumba na jiko ni hatua nne. Nimebana pumzi." Kikabonyezwa mara ya mwisho. "Nimepita."

Saa tano Mkuu alitoka na orodha. Kila doa jeusi lenye pembe lililoko mkoani, viwanja, viuga, vituo vya magari, lirudiwe kuangaliwa kabla ya kuchapa, na uchapaji usubiri hadi Jumatano. Yalikuwa madoa thelathini na moja. Ishirini yaliangukia meza ya mchora ramani, kwa kuwa hakuna hata moja lililokuwa la mtaa wake.

"Utayamaliza?" Mkuu akauliza.

"Nitayamaliza."

"Na dirishani wawekewe kalamu yenye kamba ndefu," Mkuu akasema akiondoka. "Nimeletewa malalamiko."

Mchora ramani hakuwa amelalamika kwa mtu. Alitazama ngazi za kushukia kwa mpokezi, akatabasamu.

Nyumbani hakuwa na haja ya kusema sana. Fundi aliijua habari kwa mwendo wake tangu kwenye kona ya barabara.

"Nyumba imetoka," mchora ramani alisema alipofika. "Zote kumi na moja. Jiko limebaki jekundu."

Fundi akaketi chini kwenye kizingiti, palepale. Alikaa hivyo kidogo, kisha akasimama akachukua nyundo ya kulibomolea jiko. Mama mkwe alitaka kuuliza mtapika wapi, akaona bora abebe sufuria. Muuza mkaa alikuwa amekwisha kuanza kutoa magunia yake. Walipopishana na mchora ramani, akasema bila kumtazama, "Mkaa ukilowa hauuziki. Mwaka jana nilitupa magunia manne, nikamsingizia paka." Akaenda hatua mbili, akarudi. "Ukihitaji wa leo, njoo uchukue."

Akachukua. Jiko la mkaa likawekwa sebuleni, karibu na dirisha, mkaa ukiwa bado na unyevu wa miezi. Haukuwaka, ulifuka. Moshi ukajaa chumba, ukapanda darini, ukarudi. Mtoto akaanza kukohoa, binti akaziba pua na sketi iliyoshonwa, mama mkwe akasema nakufa mimi, na wote watano wakakimbilia nje, wakasimama chini ya X yao, machozi yakiwachuruzika mashavuni, hakuna anayeweza kufungua macho.

Hivyo ndivyo Mwenye Mashine alivyowakuta, akitoka kufunga mashine yake. Alivua kofia, akasimama mbali kidogo, kama watu wasimamavyo penye msiba.

"Poleni sana, jamani," alisema. "Wamewapa siku ngapi? Nina chumba cha magunia kiko wazi. Leteni vyombo, watoto walale humo. Tusiachane hivi."

Mchora ramani alijaribu kujibu, akakohoa. Alimtazama mumewe, naye fundi akamtazama, macho mekundu kwa macho mekundu, na kicheko kikawashika wote wawili kabla ya neno.

"Hatuhami, mzee," alisema hatimaye, akijifuta kwa khanga ya mtoto. "Ni moshi."